Koti la Marehemu Nililivaa Mwenyewe

Mama zangu, wakubwa wangu, shikamooni. Naanzia pale niliposhindwa kuvumilia.

Siku ya kumaliza msiba wa mume wangu, ukweni Ntalikwa, waliniwekea koti lake mapajani. Koti la kiraia, alilokuwa akivaa baridi ya Juni. Shangazi yake akasema, "Haya mkwe, mkabidhi mumeo mpya."

Mume mpya ndiye kaka wa marehemu, keshakaa pale, kanyoosha miguu, ananukia sabuni. Katika ukoo ule mjane akimkabidhi mtu koti la marehemu, amemkubali. Basi.

Nikasimama. Nikalivaa mimi. Nikafunga vifungo vyote.

"Nimejikabidhi," nikasema.

Msicheke kwanza. Sikuamka tu asubuhi nikawa jeuri. Mume wangu alikuwa askari polisi. Waliitwa kwenye nyumba ambayo mwanaume amemfungia mkewe ndani, ana panga. Majirani wamesimama nje wanasema hayo ni mambo ya ndani, ya kifamilia. Yeye akatangulia mlangoni. Yule mama alitoka mzima. Mume wangu alitolewa amebebwa.

Kaburini walipiga risasi hewani, wakamwita shujaa mpaka masikio yakaniuma. Mimi shujaa nimpeleke wapi? Nilimtaka mtu wangu anayekoroma.

Nyumba ya kotaz ni ya askari, siyo ya mjane, kwa hiyo wakwe wakatuchukua, mimi na mwanangu mchanga. Nikadhani ni huruma. Simu yangu ikashikwa na mama mkwe, eti nisisumbuliwe. Nikienda kisimani, wifi nyuma. Kanisani, wifi ubavuni, hata chooni anakohoa nje. Nikisema nataka kwenda kwetu Nzega, jibu lilikuwa moja: "Nenda. Mtoto ni wa ukoo, anabaki." Na mwanangu bado ananyonya. Ndugu zangu, nawaambia, mlango ulikuwa wazi mchana kutwa na sikuweza kutoka.

Sasa siku ile ya koti, wakamchomoa mtoto mgongoni kwangu, wakanisukuma nje. Nikatembea mpaka mjini, maziwa yananitiririka ndani ya koti, naisikia sauti yake wakati nyumba yenyewe siioni tena.

Kituoni nikamkuta askari aliyefanya kazi na mume wangu. Akanipa kiti, akaniita shemeji. Nilipomaliza akakuna kichwa.

"Shem, haya ya kifamilia. Rudini mkae na wazee. Tusilichafue jina la shujaa wetu."

Hapo, mama zangu, kitu kikakatika. Nikamwambia, "Aliyemuua naye alikuwa na mambo ya kifamilia! Mbona hamkumwambia mume wangu arudi, awaachie wazee?"

Yule askari akainamisha macho. Ndipo askari mmoja mama mtu mzima, wa dawati la jinsia, akavuta kiti. "Njoo hapa, mdogo wangu. Sema, mimi naandika."

Akanipeleka Ntalikwa na gari la polisi, na mwanangu akarudi kifuani kwangu siku ileile. Huyo hapo, amepakatwa na mama mwenyekiti wa kikundi, anawatemea mate tu. Ukweni hawanisalimii mpaka leo, na mimi sijafa. Namshukuru yule mama askari. Nawashukuru ninyi mlionipa chumba hapa Kitete bila kuniuliza nimegombana na nani. Na wewe uliyekaa nyuma unayefuta macho, sikia: mtu akikuambia hayo ni mambo ya ndani, muulize nani amefungiwa humo ndani.

Wengi mmeniuliza niliandikisha nini. Ni hivi:

"Mimi ni mjane wa askari aliyeuawa akiwa kazini. Nawalalamikia ndugu wa mume wangu. Wamemzuia mwanangu anayenyonya ili nikubali kurithiwa. Sijamkubali mtu. Namtaka mwanangu leo."

Askari akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikamwambia, andika: marehemu hakuacha mke wa kugawana.