Kwaya Iliyovaa Mawingu

Benchi letu liko nje ya stesheni ya treni ya Cabramatta, huku ughaibuni, mkabala na duka la mboga. Agosti ile ya korona walilibandika utepe katikati ili tusibanane, nasi tukatii, ila kuzungumza hakuna aliyetukataza. Mselem wa Tanga, tunayemwita Kashata, huja na chupa ya kahawa ya tangawizi, na kila mtu huja na kikombe chake. Njeri, jina la kijiweni Profesa, hupitia hapo akitoka shifti kwenye nyumba ya wazee. Maestro ni Méthode, kiongozi wa kwaya ya Wakongo, na siku hiyo alikuwa kanywea. Kesho yake alikuwa anazikwa Bruno, besi wake, na kuimba pamoja kulikuwa marufuku, ndani na nje. Kwao kwaya humtangulia marehemu kutoka mlango wa kanisa hadi kwenye gari, ikiimba njia nzima. Huko ndiko kumtoa mtu. Niliomba lizuke neno lolote la kumsahaulisha, na Profesa akatokea.

Profesa: Manze, yule mzee wangu Mgiriki wa kule job leo amenipea stori! Kitambo kwao, kwa michezo ya kuchekesha, kulikuwa na kwaya ya watu ishirini na wanne. Wote wamevaa vinyago.

Kashata: Na wao walikuwa na korona?

Profesa: Wacha wewe! Leo wanakuja kama ndege, kesho vyura, siku ingine mawingu.

Maestro: Mawingu inaimba namna gani?

Profesa: Inaimba, inadensi, inagombana na waigizaji. Halafu katikati ya mchezo inageukia watu waliokaa, inawachambua: mji wenu, wakubwa wenu, ujinga wenu.

Kashata: Basi ndio sisi hao! Tumekosa ngoma tu.

Maestro: Ah non. Miye naona ile kwaya ilikuwa ya kushikilia mchezo chini. Mutu akisema yeye peke yake, maneno inapanda juu, inapotea.

Kashata: Mimi nasema yalikuwa mawingu kweli. Mchezo ukiisha, yanarudi zake juu. Lione lile pale, limevuta pumzi, linangoja zamu yake.

Tukaangalia juu sote, vikombe mkononi. Wallahi, nililiona likivuta pumzi.

Profesa: Na wale ndege weupe wanaopekua mapipa ni sauti ya kwanza.

Maestro (anacheka): Ule mukubwa, njo yeye besi.

Kicheko kikamkatikia hapo hapo. Niliumia kumwona.

Kashata: Ehe, Profesa. Mchezo wenyewe ulikuwa unaishaje?

Profesa: Mzee anasema kwaya ndiyo inafunga. Inatoka ikiimba, inabeba kila mtu. Bila hiyo, wangebaki tu hapo wamesimama.

Profesa alijuta kabla hajamaliza. Kashata akatumiminia kahawa, na hakuna aliyemtazama Maestro.

Ndipo akaja Vanessa, mke wa Bruno, kutoka upande wa treni. Mkononi alikuwa na joho la kwaya la mumewe, limepigwa pasi, atakalozikwa nalo. Akasimama mbali kidogo, kama sheria ilivyotaka.

Vanessa: Maestro, Bruno alitoa watu wengi na ile sauti yake. Kesho, yeye nani atamutoa?

Kashata akainamisha chupa. Haikutoka kitu. Maestro alifungua mdomo nyuma ya barakoa. Tuliona kitambaa kikivutwa ndani, kikirudi, kikivutwa tena, na sauti haikuja.