Kisima Kimoja, Makufuli Mawili

Mgeni rasmi Kapteni Wickham, Ajenti wa Serikali ya Kiingereza kwa mtawala wetu, Rana. Na mgeni rasmi Meja Dunmore, Ajenti wa Serikali hiyo hiyo kwa mtawala jirani, Nawabu:

Majina yenu tumeyataja kwa kufuata aliyeshuka farasi kwanza. Anayeona kaonewa amlaumu farasi wake.

UKARIBISHO

Sisi akina mama wa kijiji cha Vavdi tunawakaribisha kwa mikono miwili. Maneno ni yetu. Mwandiko na sauti ni vya Mwalimu Premji. Yeye alitaka kujaza "kwa unyenyekevu mkubwa" kila mstari, tukamwachia mara moja tu, huko mbele. Viti vyenu tumeviweka kimoja upande huu na kimoja upande ule wa kisima, asiwepo wa kukaa katika milki ya mwenzake. Mtindi ni mzito, mtuwie radhi. Maji ya kuuzimulia hatuna.

HISTORIA

Kisima hiki kilichimbwa na babu zetu kabla mpaka haujazaliwa. Nyumba zetu ziko kwa Rana. Kisima, Nawabu anasema ni chake. Zamani watawala hao wakigombana, watu wao walipigana marungu asubuhi, na mchana wakaja wote kunywa hapa hapa. Kisha Serikali ikatuonea huruma, ikampa kila mtawala Ajenti wa kumshauri, na vita vikawa barua. Mtangulizi wa Kapteni alikifunga kifuniko kwa kufuli mpaka kesi ya nani mwenye kisima iamuliwe. Mtangulizi wa Meja, asionekane amelikubali kufuli la mwenzake, akaongeza la kwake. Tumeambiwa ofisi zenu hazisalimiani ila kwa kupitia makao makuu, Bombei.

MAFANIKIO

Amani ni kubwa. Kisimani hakuna ugomvi, maana hakuna anayekuja na ndoo. Shingo zetu zimekomaa kwa kubeba mitungi kutoka bwawa la Sorvad, tunakochota pamoja na nyati wa maziwa wanaooga. Na makufuli yenu tunayapaka mafuta ya ufuta kila mwezi mwandamo, yasije yakasingizia kutu.

CHANGAMOTO

Ni moja. Kijiji chenye kisima kilichofungwa hakipewi binti. Vijana wetu wana masharubu ya kusokotwa na bado wanapikiwa mikate ya uwele na mama zao.

Yule mzee aliyesimama juu ya mkokoteni wa ng'ombe, anayekataa kukaa, ni Vejanand. Binti yake, jina lake Rudi, amechumbiwa na Arjan, mtoto wa mwenzetu Jivi. Leo mzee amekuja kukata shauri. Asubuhi Jivi alimwambia, "Mkwe, shuka basi, maji yanakuja."

"Umeniambia hivyo tangu sikukuu ya Diwali, mama Arjan."

"Basi shuka upumzike tu. Hapo juu utadhani unauza ng'ombe."

"Sishuki. Mila hainiruhusu kunywa maji ya kijiji anakoolewa binti yangu, unajua. Lakini yeye atayanywa maisha yake yote. Nataka niyaone kwa macho yangu. Nisipoyaona, nageuza ng'ombe."

Jivi alicheka mbele yake, kisha akaenda kulia nyuma ya ghala. Arjan ni mwanawe wa pekee, na huyu ni mchumba wa tatu. Tunalisema sisi kwa sababu yeye hatalisema.

OMBI

Funguo mnazo, tumeziona zikining'inia mikandani. Tunajua pia kwamba atakayefungua kwanza ataonekana ameshindwa. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, hatumwombi yeyote awe wa kwanza. Mpiga ngoma wetu Kesar atapiga pigo moja, nanyi mtazungusha funguo kwa pamoja. Andikeni huko kwenu kwamba hakuna aliyetangulia. Sisi tutashuhudia popote, hata Bombei. Kesi yenyewe iendelee mpaka wajukuu. Kesi haina kiu.

Mungu awape safari njema, farasi wasiojikwaa, na nyumbani kwenu pasikauke mtungi.

Ni sisi, Akina Mama wa Vavdi. Jivi ameshika ndoo, Vejanand anatazama. Kesar, piga.