Kijiji Alichokiona Bi. Mboni Chini ya Miti

Ijumaa, tarehe 30 Juni 2006, Bi. Mboni Shaibu anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya ramani, hapa Mchafukoge, kwa miaka ishirini na minane.

Alianza kwa kuchora kwa mkono, kwa kalamu na wino. Biashara huria iliporuhusiwa nchini na kompyuta zikaanza kuonekana Kariakoo, Mzee Natvarlal, mwenye ofisi, alinunua moja. Wengi tuliiogopa. Bi. Mboni aliifunika kitambaa cha kufuma, akapiga marufuku sambusa karibu nayo, kisha akajifunza kuitumia kabla yetu sote.

Mwaka 2004 tulipewa kazi ya msitu mmoja wa Lindi. Ndege ilipita juu ikimulika miale ya leza, na programu ikapima urefu wa miti. Programu hiyo huweza pia kuiondoa miti yote kwenye picha, ikabaki ardhi tupu. Mwekezaji aliyetaka kupanda mitiki alihitaji ramani ya kuonyesha kwamba pale hapajawahi kuishi mtu.

Bi. Mboni akaondoa miti. Tukasogelea skrini. Misingi ya nyumba, safu kwa safu, na njia inayoteremka mtoni! Alpesh, mtoto wa Mzee, akasema programu imekosea.

"Haijakosea, baba," alisema Bi. Mboni. "Hapa ni kwetu. Tulihamishiwa vijiji vya ujamaa mwaka sabini na nne. Mwanangu wa kwanza nimemzika nyuma ya nyumba hii."

Miaka yote tuliyokula naye chakula cha mchana, hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuzika mtoto.

Mwekezaji alitaka misingi ile ifutwe. Mzee alianza kuhesabu hasara, maana kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha.

"Mzee, ukifuta hapo," Bi. Mboni alimwambia, "nifute na mimi kazini."

"Ramani itoke kama ilivyo," Mzee akajibu.

Mwekezaji akavunja mkataba wetu, na mwaka ule tulikaza mikanda. Lakini ramani iliwafikia wanakijiji wa zamani waliohamishwa, wakaipeleka wilayani, na eneo la makaburi likaachwa nje ya shamba. Nilimsindikiza Bi. Mboni kule. Alipiga magoti, akang'oa majani kwa mikono yake, akamwita mtoto kwa jina. Nami nikapiga magoti kando yake.

Sasa anajenga jirani na hapo.

Bi. Mboni, asante kwa kazi na kwa ukaidi wako. Maisha yako yawe mema, na ulale usingizi mtulivu, kwenu.

Stella, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako