Aiskrimu ya Tui

Mama aliyepakata kikasha cha barafu alimweleza jirani yake kwenye basi, mpishi wa hoteli, kwamba bintiye yuko kwenye mlo wa kuponya utumbo mwezi wa tatu sasa, na maziwa ni marufuku.

"Aiskrimu ya kwanza niligandisha ndizi na maji, ikawa jiwe. Safari hii nimetia tui zito. Jana kalamba hadi kijiti, na kalala bila kushika tumbo. Na mimi nimelala!"

"Tumshukuru Mungu, dada. Lakini bila maziwa hiyo si aiskrimu."

"Basi onja, kaka."

Akaonja. Wakabishana vituo viwili, mpishi akila huku akikanusha. Mimi niliyekaa kiti cha nyuma yao sikukaribishwa, ingawa mate yalinijaa.

Basi likasimama. "Si aiskrimu hii!" alisema akishuka. Kijiti alikuwa bado anakilamba.