Jua la Sixbert na Uso wa Subira

Benchi la Majengo liko mbele ya studio ya picha ya Sixbert, na tangu Subira muuza kahawa afariki mwezi wa Ramadhani, wateja wake hujipikia wenyewe kwenye birika lake, kahawa nyeusi mbaya ambayo hata tangawizi imeshindwa kuisaidia. Wasiokosa ni watatu. Kuna Rupert, karani wa ushirika hadi ushirika ulipokufa, ambaye kwa ubishi wake wanamwita Redio. Kuna Bashiru Mkasi, fundi cherehani. Mitumba ilipofunguliwa milango, yeye akabaki kupunguza suruali za watu wa Ulaya asiowajua. Na yupo Sixbert mwenyewe, Bwana Giza, kwa kuwa miaka ishirini sasa anasafisha picha kwa mkono wake katika chumba chenye taa nyekundu, na mwaka huu duka la karibu na soko limeleta mashine ya rangi inayotoa picha kwa saa moja. Leo Bwana Giza amekaa na bahasha mbili mapajani, roho haiko mahali pake. Basi la Tunduru likiingia, binti wa Subira atakuja kuchukua picha ya mama yake. Aliachwa kijijini Nalasi, huko Tunduru, kwa ndugu wa baba akiwa wa miaka miwili, ndoa ilipovunjika, na hakuruhusiwa kumwona mama tena.

— Toa tuone, bwana, alisema Redio. Unazikalia kama kuku.

Sixbert akatoa ya kwanza, ile ya rangi.

— Si ulisema ulimpiga picha jua likizama? alisema Redio. Huu mbona mchana kweupe?

— Jua lilikuwa linazama upande wa Mbinga, jekundu, moshi wa mashamba umetanda. Nilitia filamu ya rangi, ya kwanza maishani mwangu. Nikawapelekea wenye mashine. Wanasema mashine ikiona wekundu umezidi, inadhani ni kosa. Inautoa.

— Inadhani? Chuma kinadhani?

— Ndivyo walivyoniambia.

— Mimi naiamini mashine, alisema Mkasi. Haina shangazi, haina jirani, itamwongopea nani? Kama imesema wekundu haukuwepo, haukuwepo. Macho yetu ndiyo yameharibika kwa vumbi.

— Acha hizo, shehe! alisema Redio. Mashine imefundwa kwao Ulaya. Aliyeifunda hajawahi kuona Namtumbo ikiungua mwezi wa kumi. Wewe ukimpelekea kitambaa fundi asiyekujua, si atakushonea nguo ya mwenzio?

— Siku hizi sishonei mtu. Napunguza tu.

— Basi nikuambie siri, Redio alisogea, akashusha sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Wafadhili walianza na ruzuku ya mbolea, wakaitoa. Wakaja kwenye ushirika, wakautoa. Sasa wanatutolea jioni. Mtu asiye na jioni ataacha kazi saa ngapi? Atalima mpaka adondoke! Ndiyo maana mashine imeanzia mikoa inayolima mahindi.

Mkasi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Sixbert hakucheka. Zamani angekuwa wa kwanza kuongeza chumvi, lakini leo maneno yao yalimpita kama yanasemwa nyumba ya pili.

Akatoa picha ya pili. Hii aliisafisha mwenyewe kutoka filamu ileile, kwenye karatasi ya picha za nyeusi na nyeupe. Ilimchukua wiki nzima. Chini ya taa aliliangazia anga kwa muda mrefu, sehemu nyingine akizikinga kwa kiganja zisiungue, mawingu yakatoka tabaka kwa tabaka na jua likakaa katikati, duara, linatazamika. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua.

— Loo! alisema Mkasi. Hapo sasa nakuvulia kofia. Na huyu mweusi ti, mwenye birika, nani?

— Ndiye.

— Ndiye nani?

— Subira.

Redio aliichukua picha, akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza puani, akaishusha.

— Uso uko wapi?

— Haupo. Kwenye ile ya mashine pia haupo, tazameni vizuri. Ukiipimia kamera mwanga wa jua, mtu aliye mbele ya jua anabaki kivuli. Kwenye filamu mahali pa uso wake hapana kitu, ni peupe kama kioo. Nimejaribu kila ninachokijua. Huwezi kusafisha kitu ambacho hakikuingia.

Redio alimrudishia picha.

— Nitauchora, Sixbert alisema. Penseli laini, juu ya filamu. Nimeondolea watu makovu, nimefumbua macho ya maharusi waliosinzia. Nisaidieni tu kukumbuka. Alikuwa na mwanya?

— Alikuwa nao, alisema Mkasi.

— Hakuwa nao! alisema Redio. Mwenye mwanya ni yule wa maandazi.

— Wallahi alikuwa nao. Na kidoti shavuni.

— Shavu lipi?

— La... huku. Hapana. Akiwa anakutazama, ni huku.

— Bora uchukue uso wa yule mama kwenye kalenda ya misheni, alisema Redio. Mpole, ana kitambaa kichwani.

— Subira Mwislamu, unampa uso wa mtakatifu!

— Basi mpige picha binti mwenyewe. Damu ni damu. Mpige, umzeeshe kidogo, umpe aondoke na mama yake.

Sixbert alifumba macho. Aliuona mkono wa Subira, bangili ya shaba, kidole kilichokatwa na kisu, vikombe vikigonganishwa ili watu wajue kahawa imeiva. Alipopanda juu kuutafuta uso, alikuta ushungi tu. Kahawa ya miaka kumi na mmoja, kila siku ya Mungu, na walichokuwa wanakitazama ni kikombe. Aliona aibu hata akatamani benchi livunjike.

— Shikamooni.

Walishtuka. Binti alisimama na kikapu cha korosho, vumbi la njia ya Tunduru limemfika kwenye kope.

— Marahaba, mwanetu, waliitikia wote kwa pamoja, haraka mno.

— Mimi Zulfa. Namtafuta baba mwenye studio, aliyeniandikia kwamba anayo picha ya mama.

Redio na Mkasi wakageuka kumtazama Sixbert. Alimpa zote mbili. Hakuwa na ujasiri wa kuzificha. Zulfa aliweka kikapu chini, akapangusa vidole kwenye kanga ndipo akazishika. Alitazama ya rangi muda mrefu, akatazama nyingine muda mrefu zaidi.

— Huyu ndiye?

— Ndiye, mwanangu. Uso... jua lilikuwa nyuma yake. Kamera ikielekea jua, inakubidi uchague.

— Alikuwa jirani yako miaka mingapi?

— Kumi na mmoja.

— Na zipo nyingine?

— Hakuna. Hii tu.

Zulfa alitikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka tu kuelewa, na hilo ndilo lililomkata Sixbert maini.

— Kwa hiyo siku hiyo, baba, ulikuwa unampiga mama picha, au ulikuwa unalipiga jua?

Mkasi aliinamia viatu vyake. Jibu Sixbert alikuwa nalo, neno moja tu. Siku ile alikuwa na filamu mpya mkononi na anga la kuijaribia, akataka kitu chochote cha kusimama mbele yake, akamwambia mwanamke wa kahawa, hebu simama hapo, usinitazame.

Zulfa aliendelea kungoja, amemwelekezea uso wake wote.