Kigutu cha Fundi Viatu

Enyi mlioketi nanyi mliosimama, nitegeeni masikio, niwape habari kama nilivyoipokea. Palikuwa na benchi la mbao mbele ya duka la kinyozi, na juu yake aliketi Fundi Viatu, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya saratani. Siku ile alikuwa na miadi saa nne kwa mtaalamu wa tiba kazi, bibi anayewafundisha wagonjwa kufunga bandeji, kuvaa mguu wa bandia na kurejea kazini mwao. Saa tatu na nusu bado alikuwa ameshika kikombe cha kahawa iliyopoa. Kigutu kilikuwa kimevimba, na kila alipofumba macho aliona msumeno.

— Siendi, alisema. Wakiuona uvimbe huu watakata tena, juu ya goti.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alionya Kinyozi.

— Guu lenyewe lishaenda, ndugu yangu. Tafuta methali nyingine.

— Ni kahawa hiyo, alisema Breki, dereva mstaafu. Ikishuka haikuti unyayo, inarundikana.

— Kahawa wapi, bwana! alidakia Kinyozi. Damu inautafuta mguu uliozikwa. Siku ikiupata, itamvuta mzima mzima.

Fundi hakucheka. Maneno yalimwingia kama msharasi unaotoboa soli.

Mara mkewe akatokea, kadi ya kliniki mkononi.

— Shemeji zangu, nani kati yenu ameuona huo uvimbe?

Breki alichungulia kikombe chake. Kinyozi alipangusa kitana kilichokuwa safi.

Mkewe akapiga magoti, akakunja suruali, akafungua bandeji. Chini kidogo ya goti palikuwa na mfuo mwekundu uliozama. Kutoka hapo kushuka, nyama ilitutumka, ngozi iking'aa.

— Umefungwa na nani hivi, baba watoto?

— Mwenyewe. Kiatu hukazwa juu, mguu usichomoke.

— Bibi wa kliniki alituonyesha sote wawili: kaza mwishoni, legeza ukipanda. Tezi za kinena zilitolewa, maji ya mguuni yamebakiwa na kijinjia tu cha kupandia. Nawe umekiziba.

Breki alishusha pumzi. Fundi hakushusha.

— Na kama si bandeji?

Mkewe aliikunja bandeji taratibu mpaka ncha ya mwisho. Kisha akampa bega, naye akalishika, akainuka, wakashika njia ya kliniki.

Aliyenisimulia kwanza ni Kinyozi mwenyewe. Aliwasindikiza kwa macho hadi kona, akafunga duka kabla ya adhuhuri.