Dada Mpelelezi, Aliyetushuku Sote

Marehemu, tuliyezoea kumwita Mpelelezi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa reli. Aliyemtangulia ni kaka yake, ndiye anayewasomea haya, na akitangatanga kidogo mtamvumilia.

Alisoma shule ya msingi pale pale mtaani, kisha sekondari ya wasichana hadi 1979. Lakini akili ya kazi yake aliipata jikoni. Sukari ilikuwa ikipungua kabatini, na vidole vyote vikamwelekea kaka, ambaye kusema kweli alikuwa na sura ya wizi. Mdogo mtu akanyunyiza unga sakafuni, akalala jicho moja wazi. Kulipokucha, nyayo zikawa za mama. Mama akadai alikuwa akiangalia tu kama sukari haijaharibika.

Mwaka 1981 aliajiriwa mahakamani kupiga chapa maelezo ya mashahidi. Alikuwa akisema mwongo hujulikana kwa kukumbuka mno hali ya hewa. Riwaya yake ya kwanza ya mauaji ilitoka 1990, zikafika kumi na moja. Katika zote, muuaji hutoka humo humo nyumbani. Sisi jamaa zake tulizisoma roho juu, kila mmoja akijitafuta.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1986 na fundi saa, mtu mpole kabisa. Kitabu cha tatu kilipotoka, muuaji alikuwa fundi saa. Wateja wakaanza kukabidhi saa zao wakiwa mlangoni. Shemeji alipolalamika, akaambiwa wapole ndio wa kuangaliwa zaidi.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2021. Alinusa dawa, alimhoji daktari, na kila aliyemletea chakula alitakiwa aonje kwanza. Kaka ndiye aliyempikia supu muda wote huo, na kila mara alionja.

Aliaga dunia nyumbani mchana wa tarehe 9 Mei 2023. Kaka alikuwa naye peke yake, na bakuli lilikuwa tupu. Daktari alisema ni moyo. Lakini tangu msiba uanze, kaka anasikia minong'ono huko nyuma: supu, supu. Yeye hawalaumu. Marehemu mwenyewe ndiye aliyewafundisha.

Ila mjue hili. Mchana ule kaka alimuuliza kwa nini hakumtia kitabuni hata siku moja.

"Umo katika vyote, kaka. Ni yule anayeshukiwa tangu mwanzo."

"Halafu?"

"Halafu inakuja kuonekana si yeye. Lete hiyo supu."

Kaka akachukua kijiko aonje, kama kawaida. Dada akamnyang'anya, akainywa yote.

Ameacha mume, binti mmoja muuguzi, wajukuu watatu, na kaka ambaye hana la kuongeza. Mpelelezi, sasa lifumbe na lile jicho la pili, upumzike kwa amani.